Swali kutoka Nakuru: mnyama wa kwenye mtaro kule Voi ni nyoka, nyungunyungu au nini?

Fundi Mabomba (Nakuru)

Habarini wadau. Mimi ni fundi wa mabomba, nyumbani ni Bahati hapa Nakuru, lakini hufuata kazi popote mkandarasi anapopata zabuni. Mwezi uliopita tulikuwa nje kidogo ya mji wa Voi tukichimba mtaro wa kulaza bomba la maji. Udongo wa kule ni mwekundu, juu laini, ukishuka unakuwa mgumu hadi mnahitaji sururu. Usiku huo mvua ilikuwa imenyesha.

Kijana aliyekuwa mbele yangu alitupa udongo nje ya mtaro na ndani yake kukawa na kitu kinachotembea. Mmoja akapiga kelele, "Nyoka!" na wenzake wakaja mbio na majembe. Niliwaomba wasubiri kwa sababu mwendo wake haukuwa wa nyoka. Nyoka hujipinda kushoto na kulia. Huyu alikwenda moja kwa moja, ngozi ikitangulia na mwili ukifuata ndani yake, kama mkono unaosukumwa ndani ya shati lenye mikono mipana. Halafu akarudi kinyumenyume kwa urahisi uleule. Hapo ndipo wenzangu walipoanza kusema ana vichwa viwili.

Nilimwekea udongo kwenye karai nikamtazama vizuri. Urefu ni shibiri moja na kitu, unene wa penseli. Mgongoni ni hudhurungi inayoelekea waridi, tumboni amepauka. Mwili mzima umezungukwa na pete ndogondogo kutoka shingoni hadi mkiani. Miguu hana, tundu la sikio halipo, na macho ni vidoa viwili vyeusi vilivyofunikwa na ngozi. Pua imechongoka. Mkia ni mfupi na butu, na ndiyo sababu ukimwona mara ya kwanza hujui aanzie wapi na aishie wapi. Dakika moja baadaye alikuwa amezama chini ya udongo wa karai.

Nilimpeleka kando na njia ya mtaro, nikamfukia juujuu, tukaendelea na kazi. Nimebaki na picha mbili za simu ambazo hazionyeshi kitu isipokuwa matope.

Sasa tunarudi kule kumalizia kipande kilichobaki. Naomba mwenye ujuzi aniambie huyu ni nani, kama ana sumu, na nifanye nini na kikosi changu tukikutana naye tena. Vijana ninaofanya nao kazi ni wazuri, lakini kitu kisicho na miguu hawakipi nafasi.

Mama Shiru (Njoro)

Fundi, mimi nina watoto wadogo na shamba la viazi, kwa hiyo nitasema ninavyoamini. Kitu kinachotoka ardhini bila miguu usikiweke kwenye karai ukakitazama. Binamu yangu aliumwa na kinyoka chembamba cheusi alipokuwa akiondoa mawe, na kidole chake hakijawahi kurudi sawa. Vichwa viwili au kimoja, mimi singengoja kuhesabu.

Mtaita aliye Kisumu

Huyo namfahamu! Nimezaliwa bondeni, si mbali na Voi, ingawa sasa miaka mingi niko hapa Kisumu kwa kazi. Tulikuwa tukimwona mara chache sana, hasa mvua za kwanza zikinyesha na baba akilima sehemu ya kunde, au tukibomoa kichuguu cha mchwa. Kuku walikuwa wakimgombania. Hajawahi kumdhuru mtu wa kwetu.

Ila nauliza: si ni yuleyule wa kule juu milimani, anayepatikana kwenye udongo wenye majimaji karibu na migomba? Mjomba aliye Wundanyi husema wako wengi shambani kwake.

Mzee wa Maabara (Kisumu)

Fundi wangu, asante kwa kuyazuia yale majembe. Nimefurahi kuliko unavyoweza kudhani.

Nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari hapa Kisumu hadi nilipostaafu, na tangu ujana wanyama watambaao ndio walioushika moyo wangu. Uliyemwona ni mjusi. Si nyoka, na si nyungunyungu. Ni wa kundi la mijusi wanaoitwa amfisbenia, ambao waliacha maisha ya juu ya ardhi wakahamia chini moja kwa moja. Kwa Kenya, anayejulikana kutoka pande hizo za Voi ni *Geocalamus acutus*. Mjerumani Richard Sternfeld ndiye aliyemweleza na kumpa jina hilo mwaka 1912. Makao yake ni kusini-mashariki mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Nduguye, *Geocalamus modestus*, ni wa Tanzania, na alielezwa mapema zaidi, mwaka 1880. Jenasi nzima, yaani kikundi cha spishi zilizo na undugu wa karibu, ina spishi hizo mbili tu, na zote mbili ni za Afrika Mashariki. Mtu wa Ulaya au Marekani akitaka kumwona Geocalamus porini hana budi kuja huku kwetu. Ndiyo maana naumia nikisikia amekatwa na jembe kwa kudhaniwa nyoka.

Sasa yale uliyoyaona, maana umetazama vizuri. Ngozi ya mjusi huyu haikushikamana sana na mwili. Misuli huivuta mbele, zile pete hujikita kwenye udongo, kisha mwili huvutwa ndani ya ngozi na kuifuata. Kwa njia hiyo hahitaji nafasi ya kujipinda, na anaweza kwenda mbele au nyuma ndani ya tundu lenye upana wa mwili wake tu. Nyoka katika tundu hilo angekwama. Habari ya vichwa viwili imetoka hapo, Mama Shiru: mkia butu, macho yasiyoonekana, na mwendo wa kurudi nyuma. Kichwa ni kimoja.

Na kichwa chenyewe ndicho chombo cha kazi. Mnyama mwingine angechimba kwa kucha. Huyu huchimba kwa fuvu. Mifupa ya fuvu lake imeshikana imara sana, pua imetangulia, na taya la chini limerudi nyuma ya la juu ili kinywa kisijae udongo anaposukuma. Kwa mbele, taya la juu lina jino moja katikati kabisa, na jino hilo huingia kati ya mawili ya chini. Kwa meno hayo hukamata mchwa, mabuu na wadudu wengine wa ardhini, na anaweza kunyofoa kipande badala ya kumeza kitu kizima. Sumu hana. Hakuna amfisbenia yeyote mwenye sumu.

Kuhusu masikio, ni kweli tundu hulioni, lakini anasikia. Katika wengi wa kundi hili, kimfupa cha sikio kimerefushwa hadi upande wa uso, na ngozi ya uso ndiyo inayopokea mtetemo. Mchwa anapotembea karibu, habari inafika. Mlipokuwa mkipiga sururu, naamini alikuwa amewasikia kitambo kabla hamjamfikia.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wangu walikuwa wakilipenda. Nyoka wengi wana pafu la kulia kubwa, na la kushoto limedumaa au halipo kabisa. Kwa amfisbenia ni kinyume: la kulia ndilo lililodumaa. Ukiwaweka kando kwa kando unaweza kusema wanafanana, wote warefu na hawana miguu, kumbe kila mmoja alifika hapo kwa njia yake. Uchunguzi wa jeni unawaweka amfisbenia karibu na mijusi wa kawaida wenye miguu wa jamii ya Lacertidae.

Duniani kuna takriban spishi 200 za kundi hili. Meksiko kuna watatu wa jenasi Bipes ambao bado wana miguu miwili ya mbele, mifupi, yenye kucha za kuchimbia, na ya nyuma haipo. Marekani yupo mmoja, wa Florida, ambaye watu humwona mvua kubwa inapofurika udongo. Amerika Kusini wamejaa. Utajiuliza mnyama asiyetoka chini ya ardhi alivukaje bahari ya Atlantiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba waliivuka baada ya mabara kuwa yameshaachana, na maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba walichukuliwa ndani ya udongo na mizizi ya miti iliyong'olewa na maji. Mimi nilisoma hayo nikaweka kitabu chini nikatoka nje kutembea kidogo.

Ndugu yangu Mtaita, yule wa milimani ni mwingine kabisa. Yeye si mjusi. Ni amfibia, wa upande wa vyura, na ngozi yake ni tepetepe. Wa Taita anaitwa *Boulengerula taitana*, na wa mlima wa Sagalla, *Boulengerula niedeni*, alielezwa kisayansi mwaka 2005. Mama wa *taitana* hukuza ngozi nene yenye mafuta na watoto wake huibambua na kuila. Jambo hilo lilichapishwa mwaka 2006 na dunia ikashangaa. Kwa hiyo mkoani kwenu mna wawili wasio na miguu wanaofanana na nyungunyungu, wa juu kwenye unyevu na wa chini kwenye ukame, na ujamaa wao ni wa mbali kama wa chura na kenge.

Fundi Mabomba (Nakuru)

Mzee, shikamoo. Nimeisoma mara mbili na nimeituma kwa kikundi cha vijana wangu. Mmoja ameshauliza kama anaweza kumshika kwa mkono sasa kwa kuwa hana sumu. Na mimi nauliza: nikipiga picha, nipige wapi? Halafu naweza kuja naye Nakuru kwenye ndoo ili umwone?

Mzee wa Maabara (Kisumu)

Marahaba, fundi. Nianze na mkono, kwa sababu hapa Mama Shiru ana hoja nzito na sitaki ipite.

Mjusi huyu hana sumu, lakini anaishi kwenye udongo uleule na nyoka wa jenasi Atractaspis, na hao wana sumu kali. Ni wembamba, weusi au kahawia iliyokolea, magamba laini yanayong'aa, kichwa kidogo kisichotofautiana na shingo. Wapo sehemu nyingi za Kenya. Hatari yao ni kwamba jino lao refu hutokea kando ya mdomo hata kinywa kikiwa kimefungwa, kwa hiyo ile namna ya kumshika nyoka nyuma ya kichwa kwao haifai. Humgeuzia mtu kichwa kidogo tu na kumchoma kidole. Dawa za sumu ya nyoka zinazotumika kwetu hazikutengenezwa kwa ajili yao. Sitasema ndiye aliyemuuma binamu yako, mama, lakini maelezo ya kinyoka chembamba cheusi chini ya mawe yananifanya nimfikirie yeye kwanza.

Kwa hiyo kikosini kwako iwe amri: hakuna anayeshika kitu chochote kisicho na miguu kwa mkono. Sepetu inatosha. Mchote pamoja na udongo wake, mtie kwenye karai, halafu tazama. Ukiona pete zinazozunguka mwili, zimetenganishwa na mifereji midogo, na ndani ya kila pete vipande vya mraba vimepangwa safu, huyo ni mjusi wetu. Ukiona magamba yanayolaliana na kung'aa, rudi nyuma, mwache aende. Anaweza kuwa nyoka kipofu asiye na madhara anayekula mayai na mabuu ya mchwa, lakini hakuna sababu ya kujaribu.

Picha: weka karatasi nyeupe au kipande cha mfuko wa saruji upande wa ndani, na utepe wako wa kupimia ubavuni mwake. Mpige mzima. Kisha kichwa kutoka juu, kutoka kando na kutoka chini, karibu kadiri simu inavyokubali bila kufifia. Kisha tumbo pale mkia unapoanzia, kwa sababu pale kuna vitundu vidogo vya ngozi ambavyo wataalamu huviangalia. Pete za mwili nazo huhesabiwa, kwa hiyo angalau picha moja iwe imenyooka. Fanyeni hayo kivulini na upesi. Ngozi yake si ya kukaa juani, na udongo wa Voi saa sita mchana unaunguza hata mguu wa mtu.

Usije naye Nakuru. Kumchukua na kumsafirisha mnyamapori kunahitaji kibali chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, na zaidi ya hapo atakufa njiani. Washa GPS kwenye simu ili picha zionyeshe mahali, andika kina mlichomkuta na aina ya udongo, kisha peleka picha kwa kitengo cha wanyama watambaao cha Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Hata aliyekatwa na jembe kwa bahati mbaya, msimtupe kabla ya kumpiga picha hizohizo. Huyu hana njia ya kuonekana isipokuwa mtu achimbe, na wanaochimba ni ninyi. Tembo wa Tsavo huhesabiwa kwa ndege. Yeye anamsubiri fundi wa mabomba.

Kumrudisha: tengeneza shimo dogo kando ya mtaro, mbali na njia ya bomba, udongo uwe umelegezwa, mwingize na umfunike. Ukimwacha juu ya ardhi, siafu au kunguru watamaliza kazi. Na kama mtaro unalala wazi usiku, egemezeni ubao au acheni mteremko wa udongo kila baada ya hatua kadhaa ili waliotumbukia wapate pa kupandia, na mtu aupitie asubuhi kabla ya kushusha mabomba.

Mkulima karibu na msitu (Kakamega)

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi hapa nyuma ya shamba langu, chini ya gogo lililooza, nilikuta mmoja hana miguu na macho hayaonekani. Ila ni mweusi, laini, anang'aa, mnene kuliko penseli. Pete hana. Huyo naye ni wa kundi hilo la Voi?

Mzee wa Maabara (Kisumu)

Hapana, jirani. Kwa kung'aa huko, usimguse, ni kama nilivyosema juu. Lakini kwa mnene asiye na macho ya kuonekana, aliye chini ya gogo karibu na msitu wa Kakamega, namdhania *Feylinia currori*. Naye ni mjusi asiye na miguu, ila wa jamii ya mijusi laini tunaowaona ukutani wakiota jua. Nyumbani kwake hasa ni misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, na Kakamega ndiyo ncha ya mashariki ya misitu ya aina hiyo, kwa hiyo amefika hadi kwako. Anakula mchwa. Libingirishe gogo kwa fimbo, umpige picha, ulirudishe lilivyokuwa. Gogo likihamishwa kuwa kuni, naye hana pa kukaa.

Mama Shiru (Njoro)

Mzee, nimekuelewa. Nitawafundisha watoto waniite badala ya kugusa, na sepetu nitaiweka karibu. Je, yule wa Voi tunaweza kumpata huku Njoro?

Mzee wa Maabara (Kisumu)

Kwa Njoro singemtarajia, mama, wala hapa Kisumu kwenye udongo mweusi wa Kano unaopasuka wakati wa kiangazi. Yeye ni wa nyanda kavu za kule chini. Kwako wewe utakutana zaidi na nyoka vipofu na nyungunyungu wa kawaida. Ila ukikuta mwenye pete na pua iliyochongoka ndani ya viazi vyako, nipigie kelele hapahapa, nitapanda matatu siku hiyohiyo.

Mtaita aliye Kisumu

Nimempigia baba simu. Anasema wiki hii wanalima kunde na mvua imeanza. Nimemwambia afungie kuku asubuhi hadi wamalize kupindua udongo.

Fundi Mabomba (Nakuru)

Nami nimezungumza na msimamizi. Amekubali mbao za kwenye mtaro, kwa sharti kwamba zisichukuliwe kwenye zile za kukingia kuta. Tunasafiri Jumatatu. Utepe wa kupimia ninao, mfuko wa saruji hautakosa, na kijana aliyepiga kelele "nyoka" ndiye nimempa kazi ya picha kwa sababu simu yake ina kamera nzuri kuliko zetu sote.